Mzee Hana Haja na Iglu

Kuna mtihani mmoja unaojulikana dunia nzima wa kupima watu waliopotewa na maneno. Ulitungwa Boston, Marekani, na toleo lake lililoenea lilitoka mwaka 1983. Una michoro 60. Mgonjwa anaonyeshwa mchoro mmoja mmoja, anaulizwa hiki ni nini, anataja. Unaanza kwa upole: kitanda, mti, penseli. Ukisonga mbele unakutana na iglu, ile nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini kabisa. Unakutana na pretzel. Unakutana na biva, mnyama wa mito ya huko anayeangusha miti kwa meno. Unakutana na asparagasi.

Hebu sasa mchukue mama anayeuza mboga Marikiti. Miaka 30 ameamka saa tisa usiku kwenda kupokea lori. Anajua bei ya gunia la kabeji wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, anajua nani wa kukopeshwa na nani wa kuambiwa leo sina. Presha ikapanda, kiharusi kikampiga upande wa kushoto wa ubongo, akaamka wadini mkono wa kulia umelegea na maneno yamekataa kutoka. Mwonyeshe iglu. Atanyamaza. Andika sufuri. Mwonyeshe biva. Sufuri. Umepima nini hapo? Umepima kiharusi, ama umepima kwamba hajawahi kukaa Boston?

Wataalamu wanalijua tatizo hili, na nchi kadhaa zimetunga matoleo yao. Wala sisemi kila kliniki yetu ina mtihani huo mezani. Ninachosema ni kwamba tabia ile bado tunayo: kumketisha mtu mbele ya picha za vitu asivyovitumia, kwa lugha ya ofisini, halafu kumhesabia makosa. Na mimi naona tabia hiyo inatunyang'anya watu ambao bado wako hai. Maneno ya kumrudishia mtu yanafaa kutoka kwenye shughuli za siku yake, kwa lugha zake, pale anapozifanyia. Kazi hiyo, kwetu, haina mwenyewe.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaufahamu vibaya. Unaitwa afasia. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi huipata, na inaweza pia kuletwa na ajali ya kichwa ama uvimbe kwenye ubongo. Ina sura nyingi, lakini kuna dalili moja inayopatikana karibu katika zote: neno linatafutwa na halipatikani. Wewe mwenyewe unajua hali hiyo kwa dakika moja moja. Unakutana na mtu mliyesoma naye, jina liko hapa mdomoni, unaliona kabisa, halitoki. Sasa fikiria iwe hivyo kwa kijiko. Kwa maji. Kwa jina la mtoto wako. Siku nzima.

Kitu chenyewe mtu anakijua. Hapo ndipo tunapokosea. Mpe kijiko, atakoroga chai. Mwambie alete kijiko, huenda akakiendea moja kwa moja. Akiulizwa jina lake, anaweza kusema "uma". Anaweza kusema "kijoko". Anaweza kusema "kile, kile cha kukorogea." Hayo makosa matatu yanatueleza mambo matatu tofauti: wa kwanza amefika kwenye kabati sahihi akashika chombo cha jirani, wa pili amelipata neno lakini sauti zimempotea njiani, wa tatu ana maana yote mkononi, kilichobaki ni mlango kufunguka. Hakuna hata mmoja wao aliyerukwa na akili. Lakini mtaani tunasema mzee amekuwa mtoto. Kanisani tunasema amefungwa ulimi. Benki wanauliza kama alikunywa kabla ya kuja.

Sasa angalia hospitali inavyomgawa. Mguu na mkono unaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wanampenda kwa sababu kazi yake inaonekana: jana alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, leo anatembea na mkongojo. Kuoga, kuvaa na kula vinaenda kwa mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule anayejulikana wadini kama OT. Maneno yanaenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Kwenye karatasi mpango huu ni safi kabisa. Shida ni kwamba wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za nchi, mtu akiruhusiwa kurudi nyumbani, mguu una miadi, mkono una miadi, maneno hayana. Familia inaambiwa, "Muwe mnaongea naye." Imeisha hiyo.

Na hapa ndipo nataka kumshika shati mtaalamu wa tiba ya shughuli, kwa heshima zake zote. Maneno ni kazi yako pia. Jina la taaluma yako linachanganya watu, wengi wakisikia "tiba kazi" wanadhani unawafundisha watu useremala ama unawatafutia ajira. Lakini wewe unajua shughuli ni nini. Ni kila kitu kinachojaza siku ya mtu na kuifanya iwe siku yake: kupika, kununua salio, kuomba, kupanda matatu, kugombana na fundi, kuketi kwenye chama na kusema zamu yangu ilipita. Niambie ni ipi kati ya hizo inafanyika bila neno. Huwezi kumfundisha mtu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, halafu ukajifanya hujaona kwamba akifika kwenye steji hawezi kumwambia makanga anashuka wapi.

Kuna jambo moja kwenye utafiti wa afasia ambalo lingefaa kubadilisha mjadala huu wote. Tiba ya kutaja majina inasaidia, hilo limeonekana tena na tena. Lakini kwa kawaida maneno yanayorudi ni yale yale yaliyofanyiwa mazoezi. Yale ambayo hayakuguswa hufaidika kidogo, ama hayafaidiki kabisa. Ukimfanyisha mtu mazoezi ya maneno 20 kwa wiki kadhaa, tegemea kupata sehemu nzuri ya hayo 20. Usitegemee kamusi nzima ifuate nyuma kama kondoo.

Fikiria maana yake. Kama neno unalolifanyia kazi ndilo utakalolipata, basi kuchagua maneno ndiyo tiba yenyewe. Familia imelipa teksi kwenda na kurudi kwa sababu mzee hawezi kupanda matatu. Mtoto mmoja ameomba ruhusa kazini. Wamekaa kwenye foleni asubuhi nzima. Wamepata nusu saa ya mtaalamu. Na nusu saa hiyo inatumika kumrudishia mzee neno "zebra", kwa sababu zebra iko kwenye kadi na inachorwa vizuri. Mzee huyo anaishi Umoja. Zebra atamwita aje lini?

Anayejua maneno gani mzee anahitaji ni yule aliyemuuliza siku yake inaendaje. Mtaalamu wa tiba ya shughuli amefunzwa hasa hilo: kuuliza mtu anataka kufanya nini, kuichambua shughuli hatua kwa hatua, kuona hatua ipi inakwama, na kutafuta njia ya kuivuka. Ongeza safu moja tu kwenye uchambuzi huo. Kila hatua, uliza inahitaji neno gani.

Tuchukue chai, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi siku haianzi bila chai. Mama wa Marikiti anataka kujipikia chai yake tena, ile ya maziwa na tangawizi, bila kusubiri msichana wa kazi aamke. Mkono wa kulia hauna nguvu. Mtaalamu tayari ana la kufanya hapo: sufuria nyepesi yenye mshikio mrefu, kitambaa chenye maji chini yake ili isiteleze, maziwa yamiminwe kwa kikombe badala ya kuinua pakiti nzima, kiberiti kiachwe na nafasi yake ichukuliwe na kiwashio cha kubonyeza. Ni kazi nzuri. Sasa sikiliza maneno yaliyomo ndani ya dakika hizo 15: sufuria, maji, maziwa, majani, sukari, tangawizi, moto, chujio, kikombe. Washa, mimina, koroga, chuja, zima. Imechemka. Bado. Moto mno. Hayo ni maneno 17 na hatujatoka jikoni. Yatatumika kesho asubuhi, na kesho kutwa, na kila siku ya maisha yake. Zoezi gani la mezani litampa marudio kama hayo bila kulipia hata shilingi moja?

Kuna namna ya kulifanya, na haihitaji mashine. Anaponyosha mkono kwa sufuria na neno halitoki, kwanza unangoja. Sekunde kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu kuzihesabu. Halafu unamuuliza kuhusu kitu chenyewe: ni cha kufanyia nini, kinakaa wapi, kikoje, unakitumia pamoja na nini. Maswali hayo si ya kupoteza wakati. Yanazungushia neno majirani zake wote, na mara nyingi jirani mmoja hulishika mkono likatoka. Likikataa, unafanya ishara. Likikataa, unatoa sauti ya mwanzo, "su...". Likikataa kabisa, unalisema wewe kwa utulivu, naye analirudia huku sufuria iko mkononi mwake. Kesho mnaanza tena kutoka juu. Kile ambacho hakifanyiki ni kusimama mbele yake na kufoka, "Sema sufuria! Si unaijua? Sema!" Anaijua. Hiyo ndiyo shida yake.

Kiswahili chenyewe kinatupa kitu ambacho kadi za Kiingereza hazina. Mwaka 1995 watafiti walimwandikia mgonjwa mmoja Mwitaliano, wakampa jina la kubuni Dante. Alikuwa hapati majina ya vitu, na hata sauti ya kwanza ya jina hakuwa nayo. Lakini alipoulizwa kama jina analolitafuta ni la kike ama la kiume kisarufi, alijua. Neno lilikuwa limempotea na sarufi yake imebaki. Sisi hatuna kike na kiume, tuna ngeli, na tuna nyingi. Msikilize mtu anayesema "ule, ule wa kufungulia mlango." Amesema ule. Hakusema kile. Huenda ufunguo wote uko hapo, amekwisha ushika mkia. Mtaalamu mwenye sikio atamrudishia "u..." na kungoja. Mtaalamu anayefanya kazi kwa Kiingereza hatasikia chochote, ataandika kwamba mgonjwa ameshindwa kutaja.

Na hapo tumefika kwenye lugha. Mkenya wa kawaida wa Nairobi ana lugha tatu, akiwa na chache. Moja ya nyumbani, Kiswahili cha mjini, Kiingereza cha karatasi, na wengine Sheng juu yake. Kiharusi hakizigongi zote sawasawa kila mara. Mwaka 1895 daktari Mfaransa aitwaye Albert Pitres aliandika kwamba kwa watu wenye lugha nyingi, ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo huelekea kurudi kwanza. Si sheria isiyovunjika, wapo wanaorudiwa na lugha zote pamoja, na wapo wanaorudiwa na ile ambayo hakuna aliyeitarajia. Lakini inatosha kutufunza adabu. Ukimpima mtu kwa lugha moja tu, tena ile aliyoitumia kujaza fomu, unaweza kumwandikia ububu ambao hana. Mzee akionyeshwa kikombe na kusema gĩkombe, amejibu. Akisema okombe, amejibu. Ukimwambia "jaribu tena kwa Kiingereza," wewe ndiye unayehitaji tiba.

Na msidhani ni wazee tu. Kuna kijana wa bodaboda aliyegonga kichwa, kuna dada wa miaka 30 na kitu aliyepata kiharusi baada ya kujifungua. Hao maneno yao ya kila siku ni ya mtaani. Kama kijana alikuwa anasema "niaje" kwa watu mia moja kwa siku, basi "niaje" iko juu kwenye orodha yake, juu ya "habari za asubuhi". Hakuna neno lisilo la heshima kwa mtu ambaye hana hata moja.

Niruhusuni nimtaje mtu mmoja wa zamani, maana historia ya elimu hii ilianza kwa kumkosea. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa amekaa hospitalini miaka 21. Silabi aliyoweza kuitoa ilikuwa "tan", kwa kawaida akiitoa mara mbili, na matusi kidogo akikasirika. Hospitali nzima ilimwita Tan. Alikufa siku chache baadaye, Broca akauchunguza ubongo wake, na kutoka hapo dunia ikajua kwamba usemi una makao yake upande wa kushoto. Ubongo ulihifadhiwa. Mtu alisahauliwa. Kwa zaidi ya karne nzima vitabu vilimtaja kama Tan, mpaka mwaka 2013 mtafiti wa Poland, Cezary Domański, alipochimba kumbukumbu na kuchapisha yeye alikuwa nani: Louis Victor Leborgne, fundi aliyekuwa akitengeneza kalibu za mbao za kushonea viatu. Alikuwa na ufundi. Mikono yake ilijua kitu. Sijui kama kuna aliyewahi kumwekea kipande cha mbao na kisu mbele yake katika miaka hiyo 21. Ninachojua ni kwamba walimpa jina la neno alilobaki nalo, na sisi bado tunafanya hivyo. Nenda mtaa wowote utamkuta "yule mzee wa ndio-ndio".

Sasa tuje nyumbani, kwetu sisi vijana ambao ndio tunalipa bili, tunaendesha lile kundi la WhatsApp la familia, tunachukua mizigo ya wazazi. Tunapenda sana. Na mapenzi yetu yanawanyamazisha. Mgeni akiingia na kuuliza, "Mzee, umeamkaje?" ni nani anayejibu? Wewe. "Ameamka vizuri, jana tu presha ilisumbua kidogo." Mzee bado alikuwa anatafuta neno "salama". Alikuwa amelikaribia. Umempita kwa kasi kama matatu ya saa mbili usiku. Ukifanya hivyo mara 30 kwa siku, mwisho wa mwezi ameacha kujaribu, na wewe utasema hali yake imezorota.

Tunawavua pia shughuli. Baba usiende dukani, tutatuma mtoto. Mama usiguse jiko, utaungua. Simu tuachie, namba ya siri ukikosea mara tatu itafungwa. Kila shughuli inayoondoka inabeba maneno yake. Mtu asiyekwenda dukani hahitaji neno "chenji". Asiyepika hahitaji "chumvi". Halafu tunashangaa maneno hayarudi. Yarudi kufanya nini, na kazi zao zote tumezigawa?

Kuna ushahidi kwamba sisi wenyewe tunaweza kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Toronto, likiongozwa na Aura Kagan, lilichapisha jaribio la kuwafundisha watu wa kujitolea namna ya kuzungumza na wenye afasia: kuonyesha wazi kwamba unajua mwenzako ana akili zake, kumpa muda, kuandika neno kuu kwenye karatasi, kuchora, kuuliza maswali ya ndio na la, kuhakikisha umemwelewa kabla ya kuendelea. Waliofundishwa walizungumza vizuri zaidi. La kufurahisha ni kwamba wenye afasia nao walifanya vizuri zaidi katika mazungumzo hayo, ilhali wao hawakufundishwa chochote. Aliyebadilika ni mtu wa upande wa pili wa meza.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: mtaalamu wa tiba ya shughuli hakufunzwa usemi, ukimsukuma huko atafanya madhara, na utawapa kaunti kisingizio cha kutoajiri wataalamu wa usemi. Hoja hii naiheshimu. Kupima afasia kwa undani, kujua kama mtu anaweza kumeza salama, kupanga tiba ya sarufi, hizo ni kazi za mwenye mafunzo yake, na nataka waajiriwe wengi. Lakini kusema kwamba kwa kuwa hayupo basi mwenzake aliye wadini afumbe masikio, hiyo inamlinda nani? Nchi ambazo wataalamu hawa wapo wote wawili, wanakaa meza moja na kupanga lengo moja. Lengo likiwa "apike chai na amwalike jirani yake", kila mmoja anajua kipande chake. Kwetu wakikosekana wote wawili, aliyepo ashike kipande anachokiweza na aandike barua ya rufaa kwa kile asichokiweza.

Wa pili atasema hakuna pesa. Kaka, dada, pesa gani? Nimetaja sufuria. Mtu mwenye simu ya kamera anaweza leo kupiga picha za vitu vya mzee mwenyewe: kikombe chake kilichovunjika ukingo, kofia yake, duka la jirani, steji yake, sura za wajukuu. Weka picha hizo kwenye albamu moja, rekodi sauti yako ukitaja kila kitu kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni kadi bora kuliko ile ya kununuliwa. Kinachogharimu pesa ni mishahara, na hapo sijifichi: afya iko mikononi mwa kaunti tangu katiba ya 2010, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii, na wahitimu wa vyuo vya afya tunawajua wanaozunguka na vyeti wakitafuta kazi. Tuna haki ya kuuliza ni saa ngapi za tiba ya maneno tunazopata kwa pesa hiyo.

Wa tatu ndiye ananiudhi zaidi. Huyu anasema: miezi sita ikipita, basi, kilichorudi kimerudi. Nimesikia sentensi hiyo ikitolewa kama hukumu ya mahakama. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Ujerumani lenye watu 158, wote wakiwa na afasia ya miezi sita ama zaidi. Walipewa wiki tatu za tiba nzito ya usemi, angalau saa kumi kwa wiki. Mawasiliano yao ya maisha ya kila siku yaliimarika, tofauti na ya wale waliokuwa bado wanangoja zamu. Hawakupona wote, na hakuna anayekuahidi hivyo. Wapo ambao maneno yao mengi hayatarudi kamwe, na kwa hao lengo linakuwa kuishi vizuri na machache, kwa ishara, picha na watu wenye subira. Lakini mlango haufungwi mwezi wa sita. Anayeufunga ni yule aliyechoka kuushika.

Na hili si suala la adabu za nyumbani peke yake. Mtu asiyeweza kutaja anaanza kufutwa kwenye mambo yake mwenyewe. Upasuaji unaidhinishwa na ndugu huku yeye amelala pale anasikia kila kitu. Shamba linauzwa, na kwenye kikao cha familia kidole chake kinaongozwa kwenye wino. Laini yake ya simu inahamia kwa mtoto aliye karibu, pamoja na kila kitu kilichomo. Kama wote wana nia njema, bahati yake. Kama mmoja hana, nani atamsikia akipinga? "Sitaki" ni neno moja. Kama ningepewa nafasi ya kupanga orodha ya kila mgonjwa wa afasia nchini, hilo lingekuwa la kwanza, kabla ya kikombe, kabla ya chai.

Katiba yetu haijanyamaza hapa. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli, ama njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili pamoja na njia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo karatasi yenye picha anayoelekezea mgonjwa kidole, muda anaoongezewa dirishani, swali linalorudiwa kwa Kikamba, hizo si huruma za karani mwenye moyo mzuri. Ni deni.

Tudai basi kitu kinachoshikika. Kila anayetoka wadini na afasia atoke na orodha yake ya maneno ya kuanzia, iliyochaguliwa naye na watu wake, kwa lugha yake, ikiambatana na shughuli zinazoyabeba. Apimwe kwa lugha zote anazoishi nazo kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba hasemi. Mtaalamu wa tiba ya shughuli aruhusiwe na aagizwe kuandika mawasiliano kwenye mpango wake, na saa hizo zihesabiwe na kulipwa. Mwanafamilia mmoja afundishwe kungoja kabla ya mgonjwa kuruhusiwa.

Hilo la mwisho halihitaji kusubiri kaunti. Jioni hii akiinua mkono kuelekea mezani na kusema "ile... ile...", mikono yako ikae chini na mdomo wako ufungwe. Hesabu moja hadi kumi. Ile ipi, atakuambia.